Kengele ya Jenerali

Naombeni mnicheke sasa hivi, mapema, tumalizane, kwa maana kisa chenyewe kina masikio ya punda, na masikio hayo nilikuwa nimeyavaa mimi, na nilikuwa nimeyavaa mbele ya D.O., mbele ya meneja wa hoteli, na mbele ya watu wa Kilifi ambao hadi leo nikipita sokoni hakosi mmoja wa kuniwekea vidole viwili juu ya kichwa. Nimechoka kukasirika. Nimechoka hata kueleza, lakini nyinyi mmeuliza, na chai bado ipo, basi nitaeleza.

Ilikuwa miaka ya themanini, mimi ni mwalimu wa shule ya msingi pale Kilifi, kijana bado, kichwa kimejaa vitabu na mifuko imejaa chaki. Nilikuwa nimenunua Mombasa, kwa muuza vitabu vilivyotumika, riwaya moja nene isiyo na jalada (jalada nadhani lilikwisha kufungiwa njugu), riwaya ya vita lakini ya kejeli, ya kukufanya ucheke kisha ujiulize unacheka nini. Falme mbili zinapigana miaka na miaka kugombania kisima, na kisima chenyewe kimekauka zamani, kila askari anajua, kila punda anajua, ila hapana anayethubutu kumwambia Jenerali. Jenerali yeye yuko nyuma kabisa ya vita anakunywa supu, na kila akimaliza bakuli anatangaza ushindi. Niliisoma mara ya kwanza nikacheka peke yangu hadi dada yangu akaja kunipima homa. Mara ya pili nikasema, hii lazima iingie jukwaani.

Sasa riwaya ni riwaya na jukwaa ni jukwaa. Mwandishi anaandika “jeshi likavuka mto,” kisha anaweka kalamu anakwenda zake kulala; wewe uliyebaki na ukumbi wa mbao zinazolia na watu wasiotimia kumi, haya, livushe hilo jeshi. Mto nikaufanya leso mbili za buluu zikitikiswa huku na huku. Nishani za ushindi nikazifanya vizibo vya soda. Askari wote wanaokufa kitabuni niliwakusanya nikawatia ndani ya mtu mmoja, Onyango, mkata mkonge wa Vipingo, mtu mwenye subira, akawa anakufa kila onyesho, anaburutwa nje, anabadilisha kofia, anarudi kufa upya. Jenerali nikampa Safari, fundi baiskeli, kwa sababu ya tumbo lake na kwa sababu ya sauti yake, ingawa kukariri kulikuwa hakumo katika vipaji alivyojaliwa. Kitabuni Jenerali ana hotuba ndefu ajabu ya kuwaambia askari wafe kwa furaha, maana askari afaye amenuna anamharibia ushindi. Safari alihangaika na ile hotuba wiki nzima, mwisho nikaifuta yote nikamwachia neno moja tu la kuwapigia kelele askari: “Tabasamu!” Neno moja, nikasema, hata Safari hawezi kulisahau.

Kikaja kibali. Nilikwenda kwa D.O., afisa wa serikali wa pale, na shati langu la Krismasi, nikamsimulia hadithi yote, naye akanisikiliza akichezea kalamu.

“Vita sawa, Mwalimu,” akasema. “Jenerali pia sawa, maadamu si wa hapa. Lakini nguo za jeshi sitaki kuziona. Na tarumbeta msipige. Wakati huu si wa kuchezea tarumbeta.”

(Mnakumbuka miaka ile ilivyokuwa, baada ya lile jaribio la mapinduzi. Mtu akivaa hata kofia ya kijani, watu walimtazama mara mbili.) Nikashukuru, nikatoka, nikakaa chini ya dirisha la ofisi nikiwaza. Jenerali asiye na sare wala tarumbeta ni mzee mwenye njaa tu.

Hapa lazima niwajulishe dada yangu. Kadzo ni mkubwa wangu, ndiye aliyenilea baada ya mama kutangulia, na wakati ule alikuwa akifanya kazi kwenye hoteli moja upande wa Bofa, chumba cha dobi, kufua na kupiga pasi. Nasema akifanya kazi, lakini alikuwa kibarua. Wageni wakijaa anaitwa. Masika yakianza na wageni wakirudi kwao anaambiwa nenda nyumbani, tutakuita, na miezi hiyo sisi sote, yeye na watoto wake na mimi, tunaugawa mshahara wangu wa ualimu ambao ulikuwa haugawanyiki. Msimu ule akasikia kwamba kabla ya mvua Bwana Meneja atachagua vibarua wachache wa kuandikwa kazi ya kudumu, na kwamba yeye anatajwa. Alikuwa akiliombea jambo hilo kanisani, akiliombea jikoni, akiliombea njiani. Liwekeni akilini, kwa sababu mimi niliyekuwa nikilala nyumba moja naye sikuliweka.

Jioni ile tunakula sima na mchicha, mimi nikamwambia, “Dada, huko hotelini hakuna makoti ya zamani?”

Mkono wake ukasimama juu ya sinia. “Makoti gani?”

“Yoyote yenye vifungo vya kung'aa. Ya bawabu, ya weita. Ni Jumapili moja tu.”

“Kalume, zile si nguo zangu.”

“Omba, dada. Kuomba si wizi.”

Akanung'unika, akanitazama vile alivyokuwa akinitazama nilipokuwa mdogo nikitaka kupanda mnazi, mwisho akasema ataomba, lakini doa moja tu likiingia nitakuwa nimemzika akiwa hai. Ningenyamaza hapo, leo ningekuwa mtu wa heshima. Lakini mimi tena, mdomo wazi: “Na kengele je? Ya mkono, ndogo, iwe badala ya tarumbeta.” Kwamba kengele ziko nyingi duniani, kwamba hata shuleni kwangu kulikuwa na kengele, hilo halikunijia.

Basi Kadzo akamwomba mkuu wake wa dobi, mkuu akaogopa kuamua akamwuliza Bwana Meneja, na Bwana Meneja (mzungu mmoja mrefu, mkavu, mwenye kupenda mambo ya sanaa na usafi) akasema chukueni, na mimi mwenyewe nitakuja kutazama. Kadzo alirudi nyumbani siku hiyo anakaribia kuimba. “Atakuja mwenyewe! Akiona zile nguo zilivyopigwa pasi atauliza ni kazi ya nani.” Akaniletea kapu: makoti meupe yenye vifungo vya shaba, koti refu la bawabu lenye vitambaa vyekundu mabegani, na chini kabisa, imefungwa kwa taulo, kengele ya shaba iliyovunjika mpini, ambayo walikuwa wakizuilia mlango wa chumba cha pasi. Mimi nikaona Mungu ananipenda.

Tamthilia yenyewe Kadzo hakuwahi kuiona tukiifanyia mazoezi, zamu zake hazikumruhusu. Kitabu nilikuwa nimemsimulia, kisima na supu na yote, akacheka. Ila habari ya kengele hotelini inatumika vipi, yeye anasema aliniambia na mimi nikawa nasahihisha madaftari. Sikumbuki. Inawezekana.

Jumapili alasiri ukumbi ulijaa. Wageni walikuwa wameanza kupungua, kwa hivyo wafanyakazi wengi wa hoteli walikuwa na nafasi, na Kadzo alikuwa amewashawishi wote, wapishi, weita, wapiga deki, watunza bustani, wakaja na nguo zao za kanisani wakashika safu za katikati. Mbele tuliweka sofa ya kuazima yenye vitambaa vya kufuma, meza, soda, na maua ya plastiki, maana mgeni rasmi hakai benchini. Akaketi D.O. Akaketi Bwana Meneja, magoti juu karibu yafike kidevuni kwa urefu wake, akatabasamu kwa kila mtu. Nyuma ya jukwaa nikaletewa habari kwamba karani aliyekuwa awe punda wa Jenerali ameshikwa na tumbo (tumbo la woga, hilo nalijua). Nikatazama huku na huku. Nikavua shati, nikaingia ndani ya gunia, nikafunga mkia wa kamba na masikio ya boksi la sabuni. Mwandishi, mwongozaji, na punda.

Mwanzo ulikwenda vizuri. Leso zikatikiswa, Onyango akafa, watu wakamwonea huruma. Kisha akaingia Safari na lile koti la bawabu, tumbo mbele, mimi namfuata na supu mgongoni, na safu za katikati zikaanza kunong'ona. Sauti moja ikasema, “Karibu Bofa!” Kicheko kidogo. Mimi chini ya gunia nikafurahi, nikadhani wamependa mapambo.

Safari akainua kengele, akaipiga.

Nataka mwelewe vizuri kilichotokea. Safu zote za katikati zilisimama. Hapana aliyeambiwa, hapana aliyefikiri. Waliinuka kwa pamoja, mikono nyuma, migongo imenyooka, videvu juu, wapishi na weita na wapiga deki na watunza bustani, na katikati yao dada yangu Kadzo na leso yake mpya. Wakawa wamesimama hivyo. Na Safari, ambaye zamu yake ilikuwa imefika na neno lake alikuwa hajalisahau hata kidogo, akanguruma:

“Tabasamu!”

Meno yakaonekana. Wallahi, wale watu walitoa meno, safu nzima, kabla akili zao hazijafika. Kisha mmoja akamtazama mwenzake. Mwenzake akamtazama aliye kando yake. Mpishi mmoja mnene akajishika kiuno akasema, “Jamani, hata leo Jumapili?” na hapo ndipo kicheko kilipotoka, nacho hakikuwa kicheko cha kawaida, kilikuwa cha watu waliokibana miaka. Walicheka wakaegemeana. Walicheka wakakaa chini sakafuni. Nilikuja kuambiwa baadaye kwamba ndivyo kila asubuhi, kengele pacha ya ile inalia, wanasimama mstari, Bwana Meneja anapita akiwatazama nyuso, na neno pekee la Kiswahili alilojifunza na kulipenda ni hilo hilo nililomwachia Safari.

Kama Safari angeendelea na mchezo, huenda tungepona. Lakini Safari tangu azaliwe alikuwa hajawahi kuchekewa kwa jambo jema, na raha ilimpanda kichwani. Akaipiga tena kengele. Wakasimama tena, mara hii makusudi. Akaipiga tena. Sasa hata watu wasio wa hoteli wakawa wanasimama na kuketi, ukumbi unapanda na kushuka. Onyango akaja kufa, na si mnajua desturi yetu, mchezo ukinoga watu hupanda kutuza, mpishi mnene akapanda jukwaani akicheza mabega, akamtia marehemu sarafu mkononi akasema, “Bakshishi yako, weita wangu,” na Onyango aliyekuwa ameambiwa maiti hasemi akajibu, “Ahsante sana, karibu tena.” Nilimwona Kadzo. Alikuwa akilia kwa kucheka, mkono umeziba mdomo, na sura yake ilikuwa ya msichana aliyenibeba mgongoni zamani.

Kisha nikamwona Bwana Meneja. Alikuwa amecheka mwanzoni pamoja na watu, kama mgeni anavyocheka asichokielewa. Sasa alikuwa amegeuka nyuma kwenye ile sofa, anazitazama safu za katikati, anaitazama kengele, anawatazama tena. Akainama akamwuliza D.O. jambo kwa Kizungu. D.O. akainua mkono, na ukumbi ukazimika.

“Mwalimu. Hebu njoo hapa.”

Nikashuka. Kwa miguu miwili, maana sikujua itifaki ya punda. Sikio moja lilikuwa limekunjika likanipiga jichoni kila nikitembea. Mtu nyuma akasema, “Punda afe, mzigo wa bwana ufike,” lakini hapana aliyecheka tena.

“Mgeni wetu anauliza,” akasema D.O. taratibu, “huyu Jenerali ni nani?”

Ningeweza kusema ukweli: ni Jenerali wa kitabuni, bwana, amezaliwa mbali na hapa, nguo tumeazima, kengele tumeazima, na hao watu wamejicheka wenyewe. Ukweli ulikuwa ndio huo na haukuwa na ubaya. Lakini nikatazama safu za katikati. Wote walikuwa wameketi isipokuwa Kadzo. Sijui kama alisahau kuketi. Alikuwa amesimama peke yake, kicheko kimemkauka usoni, na mimi nikaona masika yote yajayo, na watoto wake, na sinia tupu. Mdomo ukafunguka wenyewe.

“Ni mfano mwema, mheshimiwa,” nikasema. “Mchezo wetu unafundisha nidhamu. Tumeona tuisifu hoteli yetu. Kengele ikilia, watu husimama, tena kwa furaha. Kama mlivyowaona.”

D.O. akanitazama. Mtu yule hakuwa mjinga. Kisha akageuka akamfasiria Bwana Meneja, neno kwa neno, na uso wa mzungu ukakunjuka, akainuka kwenye sofa, akapiga makofi. D.O. naye akapiga. D.O. akipiga makofi nani atakaa na mikono mapajani? Ukumbi wote ukapiga. Safu za katikati pia zilipiga, ila nimekuwa mwalimu muda wa kutosha kujua makofi ya mtoto aliyelazimishwa.

“Endeleeni,” akasema D.O.

Na tukaendelea, hilo ndilo linaloniuma zaidi, kwamba tuliendelea. Ilikuwa imebaki onyesho la mwisho, lile lililonifanya niipende riwaya yote, ambapo askari wa mwisho anatambaa hadi miguuni pa Jenerali anamwambia kisima kimekauka, kimekauka tangu enzi za babu zetu, tunafia shimo. Onyango akatambaa. Akafika. Akaniangalia mimi, punda, kwa jicho la kuuliza: niseme? Na mimi nikamtikisia kichwa. Masikio yakapepea. Ukumbi mzima ulimwona punda akimkataza maiti kusema.

Onyango akamgeukia Jenerali. “Kisima,” akasema, “kina maji, Jenerali.”

Safari, maskini, alibabaika. “Mengi?”

“Mengi sana, Jenerali.”

“Basi tuleteeni tunywe!” akaita mtu kutoka nyuma, na huo ndio ukawa mwisho wa mchezo, kwa maana hapakuwa na mwisho mwingine. Watu wakatoka wakikung'uta nguo. Mpishi mnene alipita kando yangu, akasimama, akanishika lile sikio lililokunjika, akalinyoosha vizuri, akaenda zake.

Jumatatu Kadzo akaandikwa. Bwana Meneja alimtaja wa kwanza, akasema familia yake inaielewa hoteli. Tena akatuma ombi, ombi lisilo na upande wa kukataa, kwamba mchezo ule uletwe pale kando ya bwawa la kuogelea, wageni wauone, ila ufupishwe: vita vitolewe, kufa kutolewe, ibaki kengele, tabasamu, na punda. Tukaufanya, Jumamosi baada ya Jumamosi, hadi mvua zilipoanza. Wageni walipiga picha nyingi za punda. Weita walisimama kengele ilipolia, wakatoa meno, kisha wakarudi kugawa vinywaji, na hapana hata mmoja aliyecheka. Ile riwaya nene nilikuwa nimeipunguza kwanza nikalitoa jeshi, kisha nikautoa ukweli, kisha nikavitoa vita, na kilichobaki ni mimi ndani ya gunia.

Wiki ile ya kwanza, Kadzo akiwa anapiga pasi yale makoti nyumbani ili ayarudishe yakiwa masafi (doa halikuwepo hata moja, nilikuwa mwangalifu sana), nilikaa mlangoni nikingoja anishukuru. Naam, ndivyo nilivyokuwa, nilingoja shukrani. Nikaona hasemi, nikasema mimi.

“Dada, kazi umepata lakini.”

“Nimepata,” akasema. “Ahsante, ndugu yangu. Watoto watakula.” Akageuza koti, akapiga mkono wa pili. “Siku zote nimekuwa nikiiogopa ile kengele, Kalume. Nikiisikia hata usingizini naamka. Jumapili ndiyo mara ya kwanza nimeicheka. Sote tuliicheka. Ukaja wewe ukatwambia haichekwi.”

Nikamwambia niliogopea kazi yake, na ni kweli, niliogopa.

“Najua,” akasema, akanyoosha kola kwa kidole. “Lakini kisima kilikuwa kikavu. Kila mtu mle ukumbini alijua. Alikuwa anangojwa mmoja tu aseme.”

Basi, ndiyo hayo. Tangu siku zile sijapanda jukwaani, na nikialikwa kutazama mchezo wa mtu mwingine hukaa mbali na sofa ya mgeni rasmi. Riwaya yangu ninayo bado, haina jalada wala kurasa za mwisho, nilizichana mwenyewe nikawashia jiko. Kadzo alistaafu pale pale hotelini kwa heshima zote, na siku ya kumuaga walimpa zawadi iliyofungwa vizuri kwa karatasi. Amekataa kuiweka ndani ya nyumba. Iko kule bandani, imefungwa kwa taulo isilie, inazuilia mlango wa mbuzi.